Barua kwa vijana wa makumbusho, kabla mzee wenu hajarudisha funguo

Wanangu na wajukuu zangu mnaofanya kazi kwenye makumbusho yetu, walinzi, waongoza wageni, wahifadhi, mnaofagia kumbi asubuhi wakati wageni bado wako kwenye daladala, na nyie mlioajiriwa juzi juzi, shikamoo zenu nimezipata kwenye simu, marahaba, marahaba sana.

Mmoja wenu alinitumia lile tangazo la kazini. Nimesoma nani kahamishwa, nani kapanda cheo, nani karudi kutoka masomoni (hongera mwanangu, najua ulivyohangaika), alafu chini ratiba ya shughuli zinazokuja. Nimefurahi. Ila kuna mstari mmoja umenikaa kifuani siku mbili nzima: wawili wanastaafu mwisho wa Juni, tunawatakia mapumziko mema. Basi. Mmoja wao ana miaka thelathini na kitu kazini, na kwenye tangazo lote sijaona popote panaposema nani anakaa nae sasa hivi kuchukua kile alichonacho kichwani.

Niwaambie kilichonikuta mwenyewe. Zamani nilifanya kazi sehemu moja, sitaitaja, stoo yetu ya samaki ilikua chini ya mzee mmoja ambae kwenye karatasi cheo chake kilikua mhudumu tu. Samaki walikua kwenye chupa za kioo ndani ya spiriti, wengine walivuliwa sisi hatujazaliwa. Spiriti inapaa wanangu, hata mfuniko ukikazwa inapaa kidogo kidogo, hasa kwenye joto letu hili la Pwani, usipoongeza unakuta samaki mgongo uko nje. Yule mzee kila Jumatatu asubuhi alikua anapita na kitambaa begani, anagonga mifuniko kwa kidole, anasikiliza, inayolia tofauti anaishusha na kuifungua. Zilikuepo chupa kumi na nne ambazo hazikazi hata ufanyeje, na namba zake aliziandika kwa penseli nyuma ya kalenda ya ukutani. Akastaafu. Tukamkatia keki, tukanywa soda, tukapiga picha nae. Wiki ile ile wakaja mafundi kupaka rangi ofisi na kalenda ikatupwa, na mimi ndo nilikua nimeshika ngazi wakati inang'olewa, nikaikunja kwa mkono wangu huu nikaitia kwenye ndoo ya takataka.

Miezi nane baadae akaja mtafiti, tunafungua kabati, samaki wamekauka kama ng'onda, ngozi imepasuka, lebo ya karatasi imegandia ubavuni. Tulipoteza tisa. Huwezi kwenda kuvua wengine wa mwaka ule, bahari ya mwaka ule haipo tena. Nilienda kumtafuta yule mzee nyumbani kwake nikamkuta anapalilia mihogo, nikamwambia, akanyamaza muda mrefu alafu akasema, mbona hamkuniuliza mwanangu. Hilo neno ninalo mpaka leo.

Kwahiyo mkiona nang'ang'ania habari ya wastaafu msifikiri ni huruma ya uzee. Fani yetu hii tangu mwanzo imebebwa na watu ambao vyeo vyao vilikua vidogo. Nyie mnaosimama mbele ya watoto mkielezea mjusi wa Tendaguru, yaani lile dinosaria la Lindi, yule aliyepo Berlin mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, mnataja Wajerumani waliokuja kuchimba Lindi kuanzia 1909 mpaka 1913, sawa, lakini mifupa ile ilichimbwa na mamia ya watu wa kule, ikafungashwa ikabebwa kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa mguu mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Alikua na jicho la kujua mfupa upi utavunjika na upi utatoka mzima. Ilibidi ifike 2007 ndo mjusi mmoja wa kule apewe jina lake, Australodocus bohetii. Karibu miaka mia! Mtajeni Boheti wanangu, mtajeni kila siku, haichukui hata dakika moja ya ziara.

Na jirani zetu Kenya wana Kamoya Kimeu, aliyefariki 2022. Alianza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey, wale watafiti wa mifupa ya kale, miaka ya hamsini, hakua na digrii wala nini, na 1964 akaokota lile taya la mtu wa kale la Peninj huku kwetu karibu na Ziwa Natron. Alafu Agosti 1984 kule Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, akaona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe zenye rangi ile ile ya mfupa. Mtu mwingine angepita. Kutokana na kile kipande wakachimba mpaka wakapata karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Sasa jiulizeni, jicho la namna ile unalipata kwenye semina gani? Unalipata kwa kutembea nyuma ya mtu anaejua, jua kali, miezi na miezi, anakuonyesha jiwe hili sio, hili sio, hili ndo.

Basi hao wawili wanaoondoka Juni, msiwaite kwenye chumba cha mkutano na laptopu mkawaambia wazee tupeni uzoefu wenu, watawapa salamu na shukrani tu. Tembeeni nao. Mchukue simu, rekodini huku mnatembea stoo, mlango kwa mlango, kabati kwa kabati. Muulizeni ufunguo upi unagoma, paa linavuja wapi masika yakianza, kitu gani huharibika cha kwanza, nani kijijini alileta kitu hiki na alisema nini alipokileta. Muulizeni na mlinzi wa usiku pia, maana yeye ndo anajua popo wanaingilia wapi. Alafu mkimaliza andikeni kwenye daftari na kwenye kompyuta, sehemu zote mbili, na daftari lisikae kwenye droo ya mtu mmoja.

Sasa shughuli zinazokuja. Tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani, nimeona mmeweka hotuba nne kabla watoto hawajaingia ndani. Nawaomba kwa upendo, punguzeni. Nimeshaona watoto wa shule ya msingi wamesimama juani tangu saa mbili wanamsubiri mgeni rasmi mpaka saa tano, wawili wakaanguka, na walipoingia ukumbini walikua wanatafuta maji, hawana habari na fuvu. Waingizeni kwanza, hotuba watazikuta wakitoka.

Na pale kwenye fuvu la Zinjanthropus, yule mtu wa kale, msikariri tu 1959, Mary Leakey, Oldupai, miaka milioni 1.75. Semeni na zile habari ndogo, kwamba siku ile ya 17 Julai mumewe alikua amebaki kambini na homa, yeye akatoka mwenyewe na mbwa wake, akaona meno yanachungulia kwenye udongo. Niliwahi kuulizwa na mtoto mmoja wa darasa la pili, huyu mwenye fuvu mama yake alikua anamwita nani? Nikamwambia sijui mwanangu, hakuna anaejua, ila njoo uone magego yake yalivyo mapana, ukubwa gani huo, huyu alikua anatafuna vitu vigumu kweli kweli. Mtoto akaanza kupapasa magego yake mwenyewe kwa ulimi, namuona shavu linacheza. Msiogope kusema sijui. Mtoto akishakukamata na uongo mmoja hata ile kweli uliyomwambia haiamini tena.

La mwisho ndo ninalolisubiri mwenyewe kwa hamu. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Giza kamili litapita mbali na sisi, Hispania, Moroko, Misri pale Luxor zaidi ya dakika sita, Maka, Yemeni, mpaka ncha ya Somalia. Kwetu Tanzania na Kenya litamegwa tu, mchana, hakutakua usiku, na tangazo lenu linabidi liseme hivo wazi wazi ili watu wasije wakatarajia giza wakaondoka wamekasirika. Anzeni kutafuta miwani maalumu mapema, ile yenye alama ya ISO 12312-2, ndo kipimo cha usalama cha miwani ya kutazamia jua. Msiruhusu filamu za eksirei, wala kioo kilichopakwa masizi, wala miwani ya kawaida ya jua hata ikiwa nyeusi vipi, jicho likiungua ndani haliumi, mtoto anagundua kesho yake.

Miwani haitatosha, nawaambia kabisa. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikua Rujewa kule Mbeya, ule mwaka jua lilibaki kama pete, na miwani iliisha kabla mambo hayajaanza. Watu wamejaa, kila mtu anamuomba mwenzake. Mimi nikasogea chini ya mti kupumzika, nikatazama chini, ardhi yote imejaa vipete vya mwanga! Kila tundu kati ya majani lilikua linachora jua pale kwenye vumbi, mamia ya pete ndogo zinatikisika upepo ukipita. Akina mama waliokua wanauza chai karibu na pale nikawaita, mmoja akaleta chujio lake akalinyanyua, pete zikajipanga kwenye kanga yake. Tukapiga kelele kama watoto. Kwahiyo tengenezeni maboksi ya kishimo na watoto, tundu la sindano upande mmoja, karatasi nyeupe upande wa pili, mgongo uelekee jua. Leteni machujio. Hiyo 2027 mtaona vijua vimemegwa kama embe lililong'atwa.

Na hiyo kazi ya maboksi mpeni yule dada wa usafi aisimamie, msinicheke, nimemuona anavyowatuliza watoto kuliko nyie wote na vipaza sauti vyenu.

Mimi nitapita Alhamisi ya wiki ijayo asubuhi, mniwekee kiti stoo na sio ofisini. Na mwambieni mzee anaestaafu asiende kunywa chai kabla sijafika, nakuja na daftari langu, kuna chupa tatu kwenye kabati la mwisho nataka anionyeshe mwenyewe.

Bibi yenu, mstaafu.