Mhariri, "run" sio kukimbia tu

Mhariri naomba nafasi kidogo niongee na walimu wenzangu wa Kiingereza, hasa wa form one na form two. Jamani tuache kuwapa watoto listi ya maneno, huku Kiingereza kule Kiswahili, neno moja maana moja. Mtoto anakariri "run" ni kukimbia, basi anaenda nayo hivyo hivyo mpaka form four.

Sasa angalia anayokutana nayo. Kwenye jiografia "run-off" ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi badala ya kuzama, jioni anasikiliza habari za uchaguzi anaisikia tena "run-off" na hapo ni duru ya pili, kwenye kilimo "runner" ni shina linalotambaa chini na kutoa mizizi, mwenye duka ana-run biashara, mtu akishikwa na mafua pua ina-run, gari likiishiwa mafuta ni "run out", likimgonga mtu ni "run over", na programu ya kompyuta nayo ina-run. Hapo nani kakimbia?

Hata Waingereza wenyewe limewatoa jasho. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alikaa na kitenzi hicho kimoja miezi kama tisa akatoka na maana 645. Kwenye toleo la 1989 lililokuwa linaongoza ni "set", lina maana 430.

Hakuna mtoto wa kukariri 645 na wala haitakiwi. Akili ya kazi hiyo wanayo tayari, si wana "piga"? Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga mbizi, hakuna mtoto anayedhani pasi imechapwa fimbo, anaelewa kwa neno linalofuata. Basi na "run" tuifundishe na wenzake inaotembea nao, ndani ya sentensi, na mtihani wa darasani uulize hivyo hivyo.

Na wewe mhariri, kwenye ukurasa wa elimu tuwekee kila wiki kitenzi kimoja na sentensi zake kumi, anza na hiki halafu "get" na "take". Shule nyingi za vijijini hazina kamusi kubwa, walimu wataukata huo ukurasa na kuubandika darasani.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro