Mama, nimekuja huku kwa ajili ya lile boksi

Leeds, Uingereza
Jumapili, 12 Januari 2025

Mama, shikamoo.

Najua barua hii utasomewa na mjukuu wako, kwa hiyo naanza na yeye: wewe mtoto, msomee bibi polepole, usiruke mistari, na ukifika mahali pa aibu ya mama yako usome hivyo hivyo kama palivyoandikwa.

Mimi ni mzima. Theluji ilianguka wiki iliyopita na saa kumi na nusu jioni giza limeshatanda, lakini baridi nimeizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkali: simpendi, ila najua atakachosema. Chakula hakinisumbui. Sokoni Kirkgate muhogo upo na ndizi za kupika zipo. Machungwa nayo yapo, ila mtoto wa Muheza hawezi kuyasifia.

Nakuandikia kwa sababu siku ya Krismasi simu ilikatika kabla sijakujibu. Uliniuliza nikishamaliza nitakuwa daktari wa nini, ukasema Mama Mkubwa ameliweka goti lake linisubiri. Mwambie asisubiri, aende kliniki. Udaktari huu hautibu goti. Kwa Kiswahili wanauita uzamivu, na najua neno hilo limeshaleta maneno hapo mtaani, Baba Mdogo alinipigia akanong'ona, "Mwanangu, umezamia? Una makaratasi kweli?" Ninayo, Mama. Nimepewa ufadhili, nimepewa ruhusa ya masomo, na viza ipo kwenye pasipoti. Kuzama kunakosemwa ni kuzama kwenye swali moja mpaka uibuke na jibu.

Swali langu unalijua wewe kuliko profesa yeyote hapa, ingawa hatujawahi kulizungumza vizuri.

Unakumbuka mwaka 2011, ulipokuja kunisaidia na mtoto wa mwisho? Nilikuwa muuguzi mfawidhi wa wagonjwa wa nje, kwenye hospitali ambayo sitaitaja hapa, wewe unaijua. Asubuhi ile uliamka na kizunguzungu, hukuniambia. Ukajifunga khanga, ukaenda mwenyewe, ukaiweka kadi yako kwenye boksi la mapokezi saa kumi na mbili kamili, ya kwanza kabisa. Kisha ukakaa benchini nyuma ya nguzo. Mimi nilikukuta saa nane mchana.

Saa nane, Mama. Kadi zilipangwa kwa kurundikwa: ya kwanza chini, ya mwisho juu. Karani alipofika alianza kuchukua za juu. Aliyedamka ndiye aliyesubiri kuliko wote, na aliyefika saa tatu akiwa ameshakunywa chai aliitwa mwanzo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Karani hakula rushwa wala hakuwa na chuki na mtu, mkono wake tu ulifuata kilichokuwa karibu.

Nilipokuuliza kwa nini hukuniita, ukasema, "Nilikuona unapita. Nikasema mwache, ana kazi." Halafu ukaongeza kwamba hukutaka watu waseme sista anampitisha mama yake. Nilikupima presha pale pale na mikono yangu inatetemeka. Nilikuwa nimepita mbele ya benchi lile labda mara tano. Kila siku kwa miaka mitatu nilikuwa nimepita mbele ya mama wa mtu.

Kesho yake nikaagiza boksi lipinduliwe kila asubuhi kabla ya kadi ya kwanza kusomwa. Dakika moja. Haikuhitaji bajeti wala semina wala barua kutoka wizarani. Manung'uniko benchini yakapungua wiki ile ile, na mimi nikajiona nimefanya jambo. Kisha nikahamishwa. Miaka miwili baadaye nikapita pale kusalimia, saa mbili asubuhi, nikaangalia mapokezi: kadi zinachukuliwa za juu.

Hapo ndipo swali liliponikaa. Kwamba kadi zilipangwa vibaya, hilo kila mtu aliliona akionyeshwa. Kilichonishinda ni hiki: jambo la dakika moja, lisilo na gharama, ambalo wote walilifurahia, limekufaje? Nililibeba miaka yote hiyo nikiwa kazini. Nimekuja nalo huku nikiwa na miaka 46, miwani ya kusomea na watoto watatu, na chumba ninachosomea wamo vijana wanaolingana na mwanangu wa kwanza.

Usidhani masomo haya ni ya kukaa darasani. Hakuna ubao wala kengele. Nina wasimamizi wawili, mmoja nimemzidi miaka tisa, na wote wanataka niwaite kwa majina yao ya kwanza. Ulimi unakataa. Nasema "Profesa", wanacheka, tunaendelea. Kabla mwaka haujaisha nitakaa mbele ya watahini niwaeleze ninachotaka kukitafiti, na wakiridhika ndipo naruhusiwa kuendelea.

Kilichonitoa jasho ni kuandika. Miaka ishirini na mbili nimeandika ripoti za wodini: "Mgonjwa amelala vizuri. Dawa amepewa. Aendelee kuangaliwa." Zamu nzima, sentensi tatu, na ukizidisha unaambiwa unapoteza muda wa wagonjwa. Hapa tasnifu inaweza kufika maneno 100,000. Msimamizi alirudisha kazi yangu ya kwanza na swali moja pembeni: "Mengine yako wapi?" Nililia usiku ule, sikufichi. Asubuhi nikagundua mengine yalikuwa kichwani kwangu, ni vile hakuna aliyewahi kuniomba niyaandike.

Nimesoma habari za mzee mmoja aliyezaliwa Beirut, Avedis Donabedian, ambaye mwaka 1966 alifundisha kuitazama huduma kwa macho matatu: vilivyopo, yanayofanyika, na yanayotokea. Nikakumbuka wakaguzi waliokuja kwetu. Waliuliza vitanda vingapi, dawa zipo, wauguzi wangapi. Kisha waliuliza wamekufa wangapi. Hapo katikati, penye boksi, hakuna aliyeuliza. Yupo pia Mmarekani, John Little, aliyethibitisha kwa hesabu mwaka 1961 kitu ambacho ungekielewa ukiwa unamenya machungwa: ukijua wanaingia watu 30 kwa saa, na kwa kawaida benchini wako 120, basi kila mmoja anakaa kama saa nne, na hukumuuliza hata mtu. Nilipoielewa nilikasirika. Benchi lile lilikuwa linanipa jibu kila siku, nami nalipigisha deki.

Na maktabani nimekutana na mtu wa kunipa moyo. Anaitwa Richard Titmuss. Mwaka 1964 yeye na wenzake waliiandikia serikali yetu ripoti kuhusu huduma za afya za Tanganyika. Jina hilo nilikuwa nalisikia chuoni, nikidhani ni msomi wa kuzaliwa. Kumbe alikuwa karani wa bima kwa miaka mingi, hana shahada hata moja, na mwaka 1950 akapewa uprofesa London. Nilimsimulia mlinzi wa maktaba, tukacheka wote.

Sasa usije ukasema huku hawasubiri. Wanasubiri sana. Huduma yao ya afya ya taifa ilianza Julai 1948 na mtu halipi dirishani, lakini orodha ya matibabu ya hospitali yanayongojwa, kwa England peke yake, imepita milioni 7. Tofauti ni kwamba foleni yao huioni. Wanaingojea nyumbani, kwa barua na simu, kila mtu na maumivu yake sebuleni. Kuna bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi Jumamosi (ndiyo, Mama, mfawidhi amerudi kuogesha wagonjwa, na mgongo wangu umeshatoa taarifa), anangoja upasuaji wa nyonga. Aliniambia bora nyie mnakaa pamoja benchini, mnapiga soga. Sikumbishia. Nilimfikiria mama yangu nyuma ya nguzo.

Nikishapitishwa nitarudi nyumbani kukusanya taarifa, labda mwisho wa mwaka. Napaswa kupata kibali cha maadili hapa chuoni, na kingine cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, huko kwetu, ndipo niruhusiwe kukaa kwenye mabenchi niliyoyasimamia. Kila nitakayemhoji ataweka sahihi au kidole gumba kwamba amekubali kwa hiari yake. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Sasa naona sawa; miaka yote ile sikuwahi kumuuliza mtu kama anakubali kusubiri.

Kwa hiyo nina ombi, na hili haliingii kwenye utafiti, ni letu sisi wawili. Nisimulie siku ile. Saa ngapi ulitoka nyumbani, nani alikaa karibu yako, mlizungumza nini, uliona nini nilipokuwa napita. Ulikula? Nani aliitwa kabla yako ukaona si haki? Mjukuu wako aandike unavyosema, na usipunguze neno kwa kunionea huruma. Miaka kumi na tatu umenistiri inatosha.

Pesa za ada ya mtoto nimetuma kwa Kaka, zilizobaki ni za kuziba bati la jikoni kabla ya masika. Msalimie Baba Mdogo, mwambie sijazamia. Msalimie Mama Mkubwa na goti lake.

Na zile dawa zako za presha, nimesikia mnagawana na jirani zake zikiisha. Mama, hapana. Zake ni zake, zako ni zako, hata kama rangi ni moja. Kliniki yako ni Jumanne. Ukifika, usikae nyuma ya nguzo.

Ni mimi mwanao,
Leeds