Mjomba, mwache msichana asomee nyota

Mjomba,

Salamu kutoka Kisumu. Mama anakusalimu na anauliza kama ngano imepona na mvua ile.

Nimesikia ulisema mezani kwamba msichana wako akisomea falaki atakufa njaa, na kwamba nyota zinaonekana bure kutoka uani, kwa hivyo hakuna haja ya kumlipia mtu karo azitazame. Nimeona nikujibu hapa hadharani, kwa sababu wajomba wenye maneno hayo wamejaa kutoka Njoro hadi Busia.

Nianze na hilo la bure. Kinachotufikia uani ni sehemu ndogo tu ya kilichoko juu. Hewa tunayovuta huzuia eksrei zote zinazotoka angani, na sehemu kubwa ya miale mingine mikali. Ni bahati yetu, maana bila hivyo tusingekuwa hai kubishana. Ila matokeo yake ni kwamba yapo mambo ambayo hata ukibeba darubini hadi kileleni mwa Mlima Kenya, hutayaona. Lazima chombo kitoke nje ya hewa.

Na setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kutafuta eksrei za angani ilirushwa kutoka wapi? Kenya hii hii. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco ambalo Waitaliano walikuwa wamelisimamisha baharini karibu na Malindi. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Kwa kuwa siku hiyo tulikuwa tunatimiza miaka saba ya kujitawala, wakaiita Uhuru, na mpaka leo wanafizikia wa dunia nzima huliandika jina hilo. Hawakutufuata kwa mapenzi, usinielewe vibaya. Waliifuata ikweta. Hapo ndipo ardhi huzunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki huondoka na msukumo huo bila kuulipia. Ni mstari ule ule unaopita hapa Maseno, ambapo watu husimamisha gari, wakapiga picha na kuendelea na safari.

Uhuru ilijizungusha polepole ikiipekua anga, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksrei. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kikipepesa haraka mno, mabadiliko yakitokea ndani ya sehemu ya sekunde. Kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Wanafalaki walipoelekeza darubini za ardhini upande huo, wakakuta nyota kubwa inayozungukana na mwenzake asiyeonekana. Leo inajulikana kwamba huyo mwenzake ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hadi mwanga wenyewe hauponyoki, uzito wake kama mara 21 ya Jua letu. Hupora gesi ya jirani, na gesi hiyo, kabla haijamezwa, hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksrei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimi shuleni sikuambiwa hata neno moja la haya. Kila Desemba 12 tulipata gwaride na hotuba ndefu, basi.

Wewe ni mtu wa Nakuru, volkano ya Menengai unaiona kila siku. Hebu sasa fikiria Zuhura, ile inayong'aa magharibi jua likitua. Ukiwa uani unaona taa nzuri tu. Sayari yenyewe imefunikwa na mawingu mazito pande zote, hakuna darubini ya kawaida inayouona uso wake. Chombo kiitwacho Magellan kilifika huko mwaka 1990, kikapenya mawingu kwa rada na kuchora ramani. Picha zikakaa kwenye kumbukumbu zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2023 watafiti wakachukua picha mbili za mlima mmoja, Maat Mons, zilizopigwa mwaka 1991 kwa tofauti ya miezi minane. Wakakuta tundu la volkano limebadilika umbo na kupanuka karibu mara mbili. Yaani volkano ilikuwa hai, na ushahidi ulikuwa umelala pale ukimngoja mtu mwenye subira ya kuulinganisha. Subira ya aina hiyo binti yako anayo, mimi sina.

Turudi kwenye njaa, maana najua ndiyo inayokukera hasa. Mei 2024 Jua lilitema mawingu ya chembe kuelekea huku kwetu, mfululizo. Kule Marekani wakulima wenye trekta zinazoongozwa na setilaiti walilazimika kusimama katikati ya msimu wa kupanda, kwa sababu mashine zilikuwa zinapotea mistari. Mwaka 1989 tufani ya namna hiyo ilizima stima Quebec nzima, Kanada, kwa saa tisa hivi. (Sisi mwaka 2016 tulizimiwa nchi nzima na tumbili mmoja, lakini hayo ni mengine.) Mawingu hayo huchukua siku moja hadi tatu kufika, kwa hivyo kuna watu walioajiriwa kulichunga Jua usiku na mchana na kutoa onyo. Hutumia vyombo kama SOHO, kilichoko angani tangu 1995, umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, mahali ambapo Jua halitui kamwe.

Likizo iliyopita binti yako alipokuwa kwangu Kondele, alinifungulia picha za SOHO kwenye simu. Hazilipiwi. Picha ni ya buluu; katikati kuna kizibo cheusi kinacholifunika Jua ili mwanga wake usiharibu kila kitu, na juu yake wamechora duara jeupe kuonyesha Jua lilipo. Akawa anazipitisha kwa kidole, moja baada ya nyingine. "Hizi zinazosonga pamoja ni nyota, achana nazo. Tazama haka kenye mkia." Kadoa kenyewe kalikuwa kanaliendea Jua peke yake, picha kwa picha, mpaka kakapotelea nyuma ya kizibo. Nyota mkia zaidi ya 5,000 zimepatikana kwenye picha za SOHO, na nyingi zimeonwa kwanza na watu wa kawaida waliokaa kwao na kompyuta. Mara skrini ikajaa chenga kama televisheni ya zamani, nikadhani simu yangu imeharibika. Akacheka. Alisema ni chembe za Jua zinagonga kamera.

Sikudanganyi, mjomba: kazi za falaki tupu si nyingi hapa nchini. Lakini anayeweza kusoma picha ya Zuhura anaweza kusoma picha ya shamba. Kenya ilirusha setilaiti yake Taifa-1 Aprili 2023 ili ipige picha za ardhi na mimea, na picha hizo hazijisomi zenyewe.

Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha falaki, na alama anazo. Mwambie aijaze kozi hiyo iwe ya kwanza kwenye fomu, kabla dirisha la maombi halijafungwa. Kuhusu karo, nipigie jioni ukishatoka shamba. Hayo hatuyaongelei mbele za watu.