Barua kwa Mwanangu: Genge, Duka la Mangi, Soko na Supamaketi

Tanga, Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi huku hatujambo. Mama yako na bibi yako wanakusalimu sana. Nimeisoma kwa makini orodha ya manunuzi uliyonitumia pamoja na swali lako, kwamba kwa mtu anayeishi peke yake Sinza ni wapi penye nafuu: gengeni, kwa Mangi, sokoni au supamaketi. Kwa kuwa nilifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, na kapu la nyumba muda wote huo lilikuwa mikononi mwangu, nitakujibu bila kuzunguka. Duka la nafuu kwa kila kitu sijaliona bado. Kila duka lina vitu vyake vya nafuu na vitu vyake vya kukukamua, na anayeumia ni yule anayenunua vyote mahali pamoja kwa sababu tu amepazoea.

Nianze na kwa Mangi, maana kwa mujibu wa orodha yako ndiko fedha nyingi zinakokwenda bila wewe kuziona zikiondoka. Duka lile lenye nondo dirishani hufunguliwa alfajiri na kufungwa watu wakiwa wamelala, na huuza kila kitu kwa kiasi cha uwezo wa mtu: sukari robo, mkate nusu, yai moja, sabuni ya mche iliyokatwa kwa kisu, mafuta ya kula yanayopimwa kwa kikombe na kumiminwa kwenye chupa uliyokwenda nayo. Kwa mwenye shilingi 1,000 mfukoni na watoto wanaosubiri nyumbani, huo ni msaada mkubwa, na mimi sipendi kumsikia mtu akimsema vibaya muuza duka anayekubali kukupimia chumvi ya shilingi 100. Lakini wewe unalipwa kwa mwezi. Hebu fanya hesabu: tuseme kipimo kimoja cha mafuta ni shilingi 500, na vipimo 14 ndivyo vinavyojaza lita moja, utakuwa umelipa 7,000 kwa lita ambayo chupa yake iliyofungwa, tuseme, inauzwa 6,000 katika duka lile lile, kwenye rafu iliyo nyuma ya mgongo wa muuzaji. Hiyo 1,000 iliyozidi hajakuibia. Umelipia kazi ya kupima, mafuta yanayoganda kwenye kikombe, na yeye kukesha pale hadi saa sita za usiku. Anayepata riziki yake kwa kutwa hana namna ya kuikwepa gharama hiyo, ila wewe unayo: mafuta, sukari, chumvi, majani ya chai na sabuni nunua mara moja mshahara unapoingia, kisha kwa Mangi ubaki na mkate, maziwa na kile ulichosahau.

Hata hivyo usimhame kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini baada ya mvua za El Niño na serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi, wengi waliorudi nyumbani na kilo yao bila kuhangaika mitaani ni wale ambao mwenye duka aliwafahamu sura na majina. Kuhusu daftari la madeni, ambalo naona umeshaandikwa humo, wazee walisema kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Sikukatazi kukopa, kwa sababu deni dogo linalolipwa kwa wakati ndilo linalokufanya uaminike. Ila kila unapoandikiwa, na wewe andika kwako, na tarehe yake, ili mwisho wa mwezi madaftari mawili yakutane.

Gengeni mambo ni mengine. Pale hununui kwa kilo, unanunua kwa fungu, na fungu lina ufundi wake. Liangalie fungu la nyanya kabla hujatoa fedha: zile kubwa na nyekundu zimepangwa mbele na juu, zinakutazama wewe, na zile ndogo, au iliyopasuka, zimekaa upande wa muuzaji. Bei yenyewe aghalabu haipandi wala kushuka; kinachobadilika ni idadi. Masika, barabara za mashambani zinapoharibika na nyanya zikaoza njiani, fungu la shilingi 500 lililokuwa na nyanya tano hubaki na tatu, na mtu asiyehesabu husema bei iko pale pale. Kwa hiyo gengeni zoea kuhesabu, na usione haya kuomba nyongeza, kwani muuzaji mwenyewe ameshaiweka katika hesabu zake. Kitunguu kimoja juu au kipande cha tangawizi ni haki ya mteja wa kila siku, mradi uombe kwa heshima, umwite mama au dada kama inavyostahili, na usibishanie shilingi 100 na mtu aliyeamka saa tisa za usiku kuwahi gari la mzigo. Mboga za majani usizinunue kwingine. Mchicha, matembele na kisamvu hufika gengeni vikiwa na umande, na jioni, muuzaji asipotaka vilale, hukuuzia mafungu mawili kwa bei ya moja. Mchicha huo huo ukiufuata supamaketi, utaukuta umefungwa kwa mpira, umekaa kwenye ubaridi tangu jana, na bei yake imekwisha beba kodi ya jengo, umeme wa majokofu na mshahara wa mlinzi.

Sasa soko, ambalo ndilo ninaloliweka juu ya yote kwa chakula kikavu. Kutoka hapo ulipo, Tandale si mbali, na Tandale ni soko la nafaka. Ndizi na matunda yafuate Mabibo, pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi, ambapo malori hushusha mikungu kutoka mikoani. Kariakoo nenda ukiwa na sababu ya Kariakoo, yaani vyombo, viungo vya jumla au kitu usichokipata mtaani. Kizazi chetu kinalienzi jengo lile la Soko Kuu, alilolisanifu Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, na moto wa Julai 2021 ulituuma kama msiba wa nyumbani. Lakini mapenzi hayalipi nauli, na safari ya kufuata kilo mbili za maharage huwa hasara kabla hujapanda daladala ya kurudi.

Ukiwa Tandale, macho yako yawe kwenye kipimo kabla ya kwenda kwenye bei. Maharage, karanga na dagaa hupimwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne, na huwa nalipindua kopo tupu nikalitazama kitako. Kopo lililobonyezwa kitako kwenda ndani limepunguziwa nafasi ya viganja kadhaa vya maharage, na hiyo punguzo aliyokupa mwenye mali imerudi kwake kwa mlango wa nyuma. Wengine hujaza haraka na kuacha punje zikae ovyo, zikiwa na hewa katikati. Mwambie kwa upole alitikise kopo, kisha aongeze hadi lifanye kichuguu. Kama kuna mizani, chagua mizani, na uitazame kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, na kwamba mshale au tarakimu ziko kwenye sifuri kabla mzigo haujawekwa.

Mchele chukua punje chache utafune. Ukivunjika kwa kishindo, umekauka vizuri. Ukilainika mapema mdomoni, bado una unyevu, na hapo unalipia maji kwa bei ya mchele. Chota kutoka katikati ya gunia, kwa sababu mchele mzuri wa Kyela huwekwa juu na chenga husikiliza mazungumzo chini. Na kwa kuwa mavuno ya Mbeya ndiyo yanaingia miezi hii, usinunue kilo moja moja. Zungumza na wapangaji wenzako, mchangie gunia, mpimiane nyumbani. Mtalipa bei ya jumla na mtagawana gharama ya bodaboda. Ila magunia ya viazi na vitunguu myaangalie. Lumbesa, yaani gunia lililofumwa kilemba juu likapitiliza kipimo, sheria imeikataza, nanyi hamtakuwa na hakika mmenunua kilo ngapi.

Umeniandikia kwamba unapenda supamaketi kwa kuwa bei imeandikwa na hakuna kubishana. Nakuelewa, na yapo ninayoyanunua huko mimi mwenyewe: maziwa ya pakiti, unga wa ngano, siagi, dawa ya mswaki, kuku wa barafu, na kwa jumla kila kitu chenye tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu tarehe hiyo inasomeka na ukipewa kibovu unayo risiti ya kudai. Lakini bei iliyoandikwa nayo ina ujanja wake. Pakiti mbili zinazofanana kwa umbo, moja ni gramu 1,000 na nyingine ni 900, na ile ya 900 ndiyo iliyowekwa usawa wa macho yako. Bidhaa ya promosheni igeuze kwanza uone tarehe, kwani mara nyingi kilichopunguzwa ni siku za kukitumia. Bei ya rafuni na ile inayotokea kwenye mashine ya keshia hazipatani kila siku, hivyo simama hapo hapo usome risiti. Na ukipewa pipi badala ya chenji, zirudishe kwa adabu uombe fedha yako. Mimi nimewahi kutoka dukani na pipi mfukoni mara nyingi kuliko umri wangu unavyoruhusu. Wala usiamini kwamba ukubwa wa duka ni uhai wake. Shoprite waliondoka nchini wakawauzia Nakumatt mwaka 2014, Uchumi wakafunga maduka yao mwaka uliofuata, na Nakumatt nao hawakudumu. Genge la mtaani kwako limeyashuhudia yote hayo likiwa chini ya mwavuli ule ule.

Samaki nitasema kwa kifupi, maana soko la Feri ni mbali na wewe. Nenda Jumamosi alfajiri, mkiwa wawili au watatu, mnunue ndoo ya vibua au changu mnadani, mlipe vijana wa kuparua hapo hapo, kisha mgawane. Tazama jicho liwe angavu, funua mashavu yawe mekundu. Kwa samaki mmoja wa mchuzi, mchuuzi anayepita mtaani kwako anatosha, hata akikuzidishia kidogo.

Jambo la mwisho ni mifuko. Tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila mfuko mbadala unaopewa unaulipia, na katika orodha yako nimeikuta mifuko imejaa kuliko limau. Kwa hiyo Jumamosi nitakutumia kapu kubwa la ukili kwa basi, ulipokee kituo cha Magufuli, Mbezi. Ndani yake nitaweka machungwa ya Muheza, nazi za Pangani, na iliki, mdalasini na pilipili manga kutoka Amani, vitu ambavyo hapo mjini unauziwa kwa vipakiti vya kupimia dhahabu. Viungo hivyo visinunuliwe tena hadi mwisho wa mwaka. Nazi zipo kumi; mbili mpelekee mama mwenye nyumba wako.

Ni mimi baba yako.