Mapigo ya kichanga yasisomwe kwa kipimo cha mtu mzima

Mhariri,

Wazazi wengi siku hizi huwavisha watoto wachanga soksi au mikanda ya kupima moyo, kisha asubuhi wakakuta kwenye simu namba moja inayoitwa utofauti wa mapigo, yaani jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyobadilika. Tunaomba kurasa zenu za afya ziwaeleze kwamba namba hiyo haina maana kama hakuna anayejua umri wa mtoto na hali aliyokuwamo.

Mtoto akivuta pumzi mapigo huongeza kasi kidogo, akiitoa hupungua. Anayeongoza hapo ni neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi moyoni na kuupunguzia moyo kasi, na kwa kichanga neva hiyo bado inakomaa. Ndiyo maana njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, huwa na utofauti mdogo. Tena utofauti haupandi moja kwa moja mtoto anavyokua. Katika mwezi wa kwanza kasi ya moyo huongezeka, kutoka mapigo kama 127 kwa dakika hadi 145 hivi, na utofauti hushuka. Baadaye kasi hupungua, utofauti ukapanda. Mzazi akiona namba inashuka wiki ya nne asidhani mtoto anaumwa.

Karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni ule ambao macho huchezacheza chini ya kope na pumzi hazina mpangilio. Mapigo nayo huyumba kwa mawimbi makubwa ya polepole. Usingizi ukitulia, pumzi huwa sawia, kasi hushuka, na utofauti hufuata pumzi. Akiwa macho, analia au kurusha miguu, kasi hupanda na wimbi la pumzi hufifia. Mzunguko mmoja wa usingizi huchukua dakika 50 hadi 60, kwa hiyo wastani wa usiku kucha huchanganya hali zote.

Kosa baya zaidi limo ndani ya programu. Nyingi hutafuta wimbi la pumzi kati ya hezi 0.15 na 0.40 (hezi moja ni wimbi moja kwa sekunde), masafa ya mtu mzima. Kichanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, sawa na hezi 0.5 hadi 1. Programu hulikosa wimbi lake lote, kisha humhesabia mtoto mwenye afya kuwa na upungufu.

Anayetaka kipimo cha kuaminika atumie elektrodi za kifuani, yaani vibandiko vinavyonasa umeme wa moyo, arekodi dakika 5 mfululizo za usingizi mtulivu, mtoto akiwa chali, kwani kulala kifudifudi kwenyewe hupunguza utofauti. Kisha akague pigo moja moja. Kwa mapigo 140 kwa dakika, nafasi kati ya mawili ni milisekunde 430 hivi. Kifaa kikiruka pigo moja husoma 860, na kosa hilo pekee laweza kufunika utofauti halisi wa dakika zote 5.

Wodini, hasa kwa njiti, utofauti unaopungua huku mapigo yakiporomoka kwa vipindi huweza kutangulia dalili za maambukizi ya damu, na wauguzi wanajua la kufanya. Nyumbani, mtoto anayekataa kunyonya, aliyelegea, mwenye midomo ya bluu au joto la nyuzi 38 apelekwe hospitali mara moja, hata kama simu inaonyesha kila kitu ni shwari.