Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa wilaya yetu: ndege mwekundu yuko wapi?

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam, na pole na majukumu.

Jumatatu tulipokea vitabu vya hadithi vya darasa la kwanza. Tukashukuru, tukasaini. Kufungua ukurasa wa 4: "Ndege mwekundu yuko wapi?" Ndege wapo watatu, wote weusi, maana tumeletewa nakala za kudurufu. Mtoto mmoja akagusa doa la wino, akasema huyu hapa. Nikampa vema. Wewe ungempa nini?

Utakumbuka ulivyotuahidi kwenye kikao: vitabu vya picha za rangi, "kabla ya likizo". Likizo ipi, hukusema.

Tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) uanze mwaka 2015, kufundisha Kusoma ndiyo kazi yangu, na mtoto wa miaka 6 husoma picha kabla ya herufi. Picha ina kanuni zake. Ukimwonesha kichwa cha ng'ombe tu pembeni mwa ukurasa, wanangu hawa wanauliza nani kamchinja. Nahisi mchoraji alimchora mzima, akaja mtu wa kubana karatasi akamkata. Au zabuni ilikwenda kwa mwenye bei ya chini. Nabahatisha tu, kwa kuwa barua zetu hazijibiwi, na jina la mchoraji wa kumuuliza halipo hata ndani ya jalada.

Wala usituambie wachoraji hakuna. Edward Tingatinga alifariki mwaka 1972, na hadi leo Dar es Salaam wapo wanaochora kwa mtindo wake: mnyama mzima, mistari wazi, rangi za kung'aa. John Kilaka ametokea humo humo, na vitabu vyake vya picha vimechapishwa Uswisi. Watoto wa Uswisi wanawaona wanyama wetu kwa rangi zote. Wa kwetu wanaona moshi.

Kwa hiyo nachora mimi. Usiku, kwenye karatasi za manila ninazonunua kwa mshahara huu unaoujua, kwa kalamu za rangi za binti yangu, ambaye sasa ameanza kuzificha. Na kuchora sijui! Fisi wangu darasa zima lilimwita mbuzi.

Ndugu Afisa, siombi maktaba. Siombi semina, wala posho yake. Naomba kitabu kimoja cha rangi kwa kila dawati. Kama ni vingi, basi kimoja kwa darasa zima, nitasimama mbele nikishike mwenyewe. Kimoja. Kabla ya likizo, na safari hii naitaja: ya Juni.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa darasa la kwanza