Bahasha ya Mweka na mafundisho ya Budha

Mhariri,

Kila msimu wa watalii ukifika, mabishano ya tipu za wagumu, wapagazi wetu wa Mlima Kilimanjaro, huanza upya, na hoja huwa zilezile mbili: serikali ikaze sheria, au wagumu wajifunze kuridhika. Naomba nafasi niongeze ya tatu, inayotoka mbali kidogo. Wabudha wana namna yao ya kupima mambo ya kazi na malipo, na inaingia kwenye suala hili vizuri kuliko mtu angedhani.

Najua Moshi si mji wa Wabudha. Hekalu lao liko Upanga, Dar es Salaam, na lilianzishwa na Wasinghala wa Sri Lanka enzi za Mwingereza. Wengi wetu Budha tunamjua kwa sanamu tu: mtu kakunja miguu, macho nusu yamefumbwa. Sanamu ile imemponza. Watu hudhani alifundisha kukaa kimya basi, kumbe akizungumza na wenye familia na kazi zao alikuwa anataja mishahara, madeni, ulevi, kamari na namna ya kugawa fedha.

Wala siandiki ili mtu abadili dini. Mwislamu ameshafundishwa kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka, na Mkristo anajua mtenda kazi anastahili ujira wake. Ninachokipenda kwa Wabudha ni uchambuzi. Kitendo wanakifungua kama fundi wa pikipiki anavyofungua kabureta na kupanga vipande juu ya gazeti, ukaona kilichoziba ni kipi.

Mbudha wa kawaida hujiwekea mambo matano: kutoua, kutochukua asichopewa, kujiepusha na uasherati, kutosema uongo, na kuacha vileo vinavyomtoa mtu akili. Hayasemwi kama amri. Kila moja husemwa hivi: "nashika zoezi la kujizuia." Ukiteleza, unalishika tena. Na litazame lile la pili, halisemi "usiibe", linasema usichukue usichopewa. Mtu anaweza kubisha mchana kutwa kwamba hakuiba, lakini akiulizwa alipewa na nani, maneno yanamwishia.

Wafafanuzi wa kale wa maandiko ya Kibudha waliweka vipande vitano vinavyotimiza kosa hilo: kitu ni cha mwingine, mhusika anajua ni cha mwingine, ana nia ya kukichukua, anafanya jitihada, na kitu kinahama kwa jitihada hiyo.

Sasa tuchukue bahasha. Msafara umeshuka geti la Mweka, buti zimejaa tope, vyeti vya kilele vimetolewa. Mgeni anamkabidhi kiongozi wa msafara bahasha ya dola 500. Watu ni kumi: kiongozi, msaidizi wake, mpishi na wagumu saba. Mgeni ameandika kwa kalamu nyuma ya bahasha: wagumu dola 40 kila mmoja, mpishi 60, msaidizi 70, kiongozi 90. Kiongozi anaitia mfukoni, anawaambia vijana mgeni hakuwa vizuri, anawapa 25 kila mmoja. Dola 105 zimebaki kwake juu ya zile 90 zake. Pitisha vipande: fedha ni ya wengine, anajua maana amesoma maandishi, nia anayo, ameifunga bahasha mfukoni, na fedha imehama. Vyote vitano vimetimia, hata kama hakuna aliyeingiziwa mkono mfukoni.

Na papo hapo limevunjwa zoezi la nne, la kutosema uongo. Uongo una vipande vinne: jambo si la kweli, mtu ana nia ya kudanganya, anafanya jitihada, na msikilizaji anaelewa. Jitihada hiyo si ya mdomo peke yake, hata ya mwili inahesabiwa. Kiongozi anayenyamaza, akabinua midomo na kutikisa kichwa ili vijana waelewe kwamba mzungu yule bahili, amesema uongo na hajatamka neno.

Kazi ngumu zaidi ni bahasha isiyo na maandishi. Mgeni akisema "hii ni yenu nyote", fedha imeshakuwa ya wote na kiongozi ni mbebaji tu, kama mgumu mwenye begi. Asiposema kitu, kipande cha kwanza kinayumba: fedha ni ya nani hasa? Hapo hata kiongozi mwaminifu atashukiwa, na hana la kujitetea. Ndiyo maana dawa inawekwa kabla, siku ya kwanza: mgeni aambiwe idadi ya watu na kazi zao, aandike kiasi cha kila kazi, bahasha ifunguliwe mbele ya wote, mgumu mmoja asome kwa sauti na mwingine ahesabu. Dakika kumi hazifiki.

Inapoharibika, huharibika mahali panapojulikana. Mgeni hutoa bahasha hotelini usiku wakati wagumu wameshapanda daladala kurudi Pasua na Kiboriloni. Au dola hubadilishwa kuwa shilingi kwa bei ambayo kiongozi pekee ndiye anaijua. Au mgeni ametoa noti kuukuu za dola, ambazo maduka ya fedha huzikataa au huzipunja, na hasara inamwangukia aliye chini. Baya kuliko yote ni kampuni inayomwambia kijana kwamba tipu ndiyo mshahara wake. Mgeni alitoa zawadi kwa mgumu, na kampuni imeitumia kulipa deni lake yenyewe. Nakitafuta kipande kinachokosekana hapo, sikioni.

Nije kwa Sigala. Asubuhi moja, nje ya mji wa Rajagaha katika India ya kale, Budha alimkuta kijana huyu nguo na nywele zimelowa, anasujudia pande sita: mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Ulikuwa wosia wa marehemu baba yake. Budha hakumcheka. Alimwambia kila upande ni watu: mashariki wazazi, kusini walimu, magharibi mke na watoto, kaskazini marafiki, juu watawa, na chini wafanyakazi. Kuuheshimu upande ni kutimiza wajibu kwa watu wake, nao wana wajibu wa kurudisha. Katika upande wa chini, wajibu wa mwajiri ndio unaotajwa kwanza. Ni mambo matano.

La kwanza ni kumpangia mtu kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgumu, na mzigo hupimwa getini. Vizuri. Lakini mizani inapima begi, haimpimi mtu. Wafafanuzi walieleza kwamba kazi ya kijana asipewe mzee, ya mzee asipewe kijana, na kila mtu apangiwe inayomfaa. Kilo 20 za kijana wa miaka 25 si kilo 20 za mzee wa 55 wala za mgumu aliyeshuka jana kutoka safari nyingine. Tena mizani ya geti haioni yanayofuata. Hema likilowa mvua usiku linaongeza uzito. Kambi ya Barafu hakuna maji, hubebwa kutoka bonde la Karanga, na dumu la lita 20 ni kilo 20 kamili kabla hujahesabu kitu kingine. Na wagumu wengine wakirudishwa njiani kwa kisingizio kwamba chakula kimepungua, mizigo yao iliyobaki huenda mabegani mwa nani? Atakaye kulitimiza hili apime mizigo upya kila kambi. Mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, inaingia kwenye mfuko wa koti.

La pili ni chakula na ujira. Vimetajwa pamoja, na hilo lina maana: anayelipa ujira lakini akampandisha mtu mlima kwa mlo mmoja kwa siku ametimiza nusu tu.

La tatu, kumtunza akiugua. Ufafanuzi uko wazi: apumzishwe kazi, apewe dawa. Mgumu si chuma. Ugonjwa wa mwinuko humpata yeye kama unavyompata mgeni, tofauti ni kwamba mgeni huulizwa kila jioni kama kichwa kinauma, mgumu haulizwi, naye hasemi kwa kuogopa kukosa safari ijayo. Akianza kutapika, kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, tiba ya kwanza ni kushuka, usiku huohuo ikibidi, bila mzigo na asiwe peke yake. Kumwambia "tangulia chini, tutakukuta" ni hatari, maana ugonjwa huo huvuruga akili na mtu hukaa njiani akalala. Siku alizokosa alipwe. Ukimkata, wenzake wataficha maumivu safari ijayo.

La nne linanichekesha kidogo kwa uzuri wake: kuwagawia vyakula vya anasa. Bosi akipata kitamu, asile peke yake. Kwenye hema la kulia wageni kuna matunda na keki, nje kuna ugali. Sisemi mgumu ale keki kila siku. Lakini kinachobaki mezani kikirudishwa sandukuni wakati watu kumi wanatazama, kila mmoja anajua amewekwa wapi.

La tano ni kumwachilia kwa wakati wake, yaani asikamuliwe kutwa nzima mfululizo, na sikukuu apewe ruhusa. Hapa nitoke mlimani kidogo niingie majumbani mwetu, maana ni rahisi kuzisema kampuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka. Dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri akalala saa tano usiku, siku saba, ni upande wa chini wa nani?

Wajibu wa mfanyakazi nao ni mitano: aamke kabla ya mwajiri, alale baada yake, achukue alichopewa tu, afanye kazi vizuri, alisambaze jina jema la mwajiri. Mawili ya mwanzo ni ya zama zile na sioni sababu ya kuyafuata kwa herufi. Ingawa mgumu huyatimiza bila kusoma popote: huvunja kambi mgeni akiwa njiani, humpita mteremkoni na mzigo kichwani, na mgeni akifika hukuta hema limesimama na maji yamechemka.

Kuna hoja moja inayoharibu mafundisho haya, nayo ni karma, fundisho kwamba matendo ya mtu humrudia, ikishikwa vibaya. "Kazaliwa mgumu, ndiyo karma yake." Budha hakusema hivyo. Alisema karma ni nia, yaani kile mtu anachokusudia na kukitenda. Mtu aitwaye Sivaka alipomuuliza kuhusu wanaodai kila raha na kila maumivu yametokana na matendo ya zamani, alijibu kwamba hao wamepitiliza. Akataja sababu nane za maumivu, zikiwemo nyongo, mabadiliko ya majira, kujitunza vibaya na kushambuliwa. Matendo ya zamani ni moja tu kati ya hizo nane. B. R. Ambedkar wa India, aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya nchi yake, alilielewa hilo. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu wa tabaka lililoitwa lisiloguswa, kwa sababu alitaka dini isiyomwambia mtu wa chini kwamba mahali pake ni chini. Hata hivyo nisiwapambe kupita kiasi: Myanmar wamekuwako watawa wa Kibudha waliochochea chuki dhidi ya Waislamu wa Rohingya, na mazoezi yao yote matano wanayajua kwa moyo.

Kuhusu fedha yenyewe ikishapatikana, Sigala aliambiwa aigawe mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kazi, la nne akiba ya siku mbaya. Kwa mgumu siku mbaya ina majina, Aprili na Mei, mlima umepoa kwa masika. Kati ya dola 40, kumi ni kwa ajili ya miezi hiyo, ishirini ziende kwenye kuku, migomba au kikoba, na si kwenye mikeka. Kubeti kulitajwa kabisa katika mahubiri yaleyale: anayeshinda hupata chuki, anayeshindwa huomboleza mali yake, na wote wawili neno lao barazani halina uzito. Lakini mafungu manne yanamhitaji mtu mwenye ziada. Anayepewa 25 badala ya 40 hana cha kugawa, na kumhubiria akiba ni kumtukana.

Kwa hiyo nirudi getini. Kampuni nyingi humtumia mgeni orodha ya vifaa kabla hajapanda ndege: soksi, kofia, tochi, dawa. Ziongeze mstari mmoja chini yake: bahasha iandikwe kiasi na mgawo wa kila kazi, na isomwe kwa sauti mbele ya msafara mzima pale Mweka, kabla gari halijawashwa.

Msomaji wako,
Rau, Moshi